Mnyororo Kati ya Upana na Urefu

Ukitaka kumsikia Paluku akisemwa vibaya, huna haja ya kumtafuta adui yake. Mpe chai ya maziwa, muulize habari za picha za jubilei, kisha kaa chini. Atajichambua mwenyewe kuanzia utosini hadi kitambini, na kila anaposimulia huongeza kosa moja ambalo mara iliyopita alilisahau. Mkewe, Rakeli, hukaa pembeni akimenya viazi na kumsahihisha pale tu anapojipunguzia ujinga.

Paluku ni Mnande wa Butembo, mashariki mwa Kongo, ana miaka hamsini na minne, na anaishi Louisville, upande wa Iroquois. Siku za kazi hupanga maboksi katika ghala, na Jumapili hupiga picha kanisani. Kule Butembo alikuwa na studio yake, chumba kimoja chenye pazia la bluu, stuli na kioo cha kuchania nywele, na nusu ya mji ilikalia stuli ile kutafuta picha ya kitambulisho. Vita vilichukua studio, pazia na kioo. Majivuno yalibaki, naye akayavusha mipaka yote hadi Amerika bila mtu kumuuliza uzito wa mzigo.

Kanisa lao lina matawi matatu, Louisville, Columbus na Buffalo, na yote yanatumia tovuti moja. Mtunzaji wa tovuti hiyo ni kijana Mkenya, Mutuku, anayesoma chuo kikuu kule Amherst, jirani na Buffalo. Basi mwezi wa pili tawi la Louisville likatimiza miaka kumi. Ilipangwa ndugu wa miji mingine waje kusherehekea, lakini barabara zikajaa barafu, watu wakabaki majumbani kwao na kusema watangoja picha. Paluku akapiga picha mia moja arobaini, akazituma zote kwa Mutuku kwa mpigo mmoja, akakaa kungoja sifa.

Kilichokuja ni ujumbe. “Mzee, habari ya leo. Hizi picha ni heavy sana, website inazikataa. Please zi-resize, kila upande usipite pixels elfu moja. Ama uniachie tu mimi, ni kazi ya dakika tano.”

Hayo maneno ya dakika tano yalimchoma. Yeye, aliyesafisha picha gizani kwa kunusa dawa tu, aambiwe na mtoto wa shule kwamba kazi ni ya dakika tano! Akamjibu, “Asante mwanangu, mimi picha nilianza kuzishika kabla baba yako hajaoa.” Halafu, kwa kuwa Alhamisi ilikuwa siku yake ya kupumzika, akafungua kompyuta, akavaa miwani na kufunga mlango ili Rakeli asije akamwona akihangaika.

Programu ya kupunguzia picha ilikuwa na visanduku viwili, kimoja cha upana na kimoja cha urefu. Upana ulisoma elfu sita, urefu elfu nne. Paluku akaandika elfu moja kwenye upana. Papo hapo urefu ukajibadilisha wenyewe, ukawa mia sita sitini na saba. Hakupenda. Mutuku alisema elfu, na mtu mzima akiambiwa elfu analeta elfu. Akaandika elfu kwenye urefu. Upana nao ukaruka ukawa elfu moja mia tano. Akarudi kwenye upana. Urefu ukashuka. Walivutana hivyo karibu nusu saa, yeye na visanduku, hadi alipoona katikati yao alama ndogo ya mnyororo.

Hapo Paluku akisimulia huinua kidole. Mtu aliyekaa kambini miaka kumi na mmoja akingojea karatasi, akiona mnyororo haulizi umefunga nini. Anaufungua. Aliubofya, ukakatika vipande viwili, na tangu hapo visanduku vikashika adabu: elfu kwa elfu, hesabu iliyonyooka. Akaiamuru mashine izifanye hivyo picha zote mia moja arobaini, naye akaenda kuweka maji ya chai.

Aliporudi akazipitia. Ya kwanza kumvutia ilikuwa ile ambayo alimpa muumini mmoja kamera ili naye, walau mara moja, aingie kwenye picha. Ni picha ya familia mbele ya mimbari: Rakeli, kisha mwana wao Gloire, kisha mke wa Gloire, Aksanti, na mwishoni kabisa yeye Paluku mwenyewe. Akajitazama. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Tumbo halikuwepo.

Inafaa ijulikane kwamba mwaka uliotangulia daktari alimwambia sukari yake inapanda na kilo zipungue. Paluku akaanza mazoezi katika bustani ya Iroquois. Alitembea mara mbili, na mara ya pili alirudishwa na gari la jirani. Lakini kwenye picha alikuwa amesimama pale mwembamba, shingo ndefu, koti limemkaa vizuri. Akaamini kabisa kwamba mazoezi yamefanya kazi kimyakimya bila kumwarifu. Akaiweka picha hiyo kwenye simu yake ili kila anayempigia aione, akamtumia Mutuku albamu nzima aipandishe kwenye tovuti, na mchana ule akala bukari, ugali wa kwao, sahani mbili, maana sasa alikuwa na nafasi.

Dalili zote zilikuwepo, anasema. Keki ya jubilei ilikuwa imesimama wima kuliko mchungaji. Ngoma ya kwaya ilikuwa imebanwa mbavu. Saa ya duara ukutani nyuma yao ilikuwa na umbo la yai. Rakeli alipotazama alisema jambo moja tu, “Juu ya nini niko mrefu hivi?” naye akamjibu kwamba ni viatu. Mpiga picha wa miaka thelathini! Aliangalia tumbo, basi, hakuangalia kitu kingine.

Kesho yake, Ijumaa, simu ikalia kutoka Gahanna, kitongoji cha Columbus. Alikuwa Nshombo, mjomba wa Aksanti. Aksanti ni yatima wa mama. Alilelewa na ndugu wawili wa marehemu mama yake: huyo Nshombo, na mama yake mdogo Nzigire anayefua mashuka katika hoteli moja mjini Buffalo. Hao wawili ndio waliomtoa binti, wakamkabidhi kwa Paluku na Rakeli miezi saba tu iliyopita, na siku ile Nzigire alisema mbele ya watu wote, “Ninawapa jicho langu.” Aksanti na Gloire wakawa wanakaa humo humo, katika nyumba ya wazazi.

“Papa Gloire,” akasema Nshombo baada ya salamu, “tumeona picha. Mutoto amepunguka sana.”

Paluku akachanua. “Umeona! Haiko yeye tu, mukwe wangu. Hapa kwangu batu bote tunapunguza. Uliniangalia mimi?”

“Munapunguza?”

“Docteur ndiye alisema. Donc, mafuta kidogo, bukari kidogo, na kutembea.”

“Na Aksanti anatembea?”

“Kila siku! Kutoka kituo cha basi mupaka ku kazi.”

“Bon,” akasema Nshombo, akakata. Paluku akaweka simu mezani na kumtangazia mkewe kwamba wakwe wamewasifu.

Huko Buffalo, Nzigire alikuwa ameiona picha ile wakati wa mapumziko, amesimama kati ya mikokoteni ya mashuka. Akampigia Aksanti mara sita. Aksanti anatunza wazee katika nyumba moja ambako simu hufungiwa kabatini, na siku ile alishika zamu mbili, na alipotoka aliandika, “Niko muzuri mama mudogo, nimechoka tu, tutaongea.” Maneno yale yalimmaliza Nzigire kabisa. Ni mwanamke gani aliyeolewa anayeteseka akaandika kwamba anateseka? Kisha kaka yake akampigia na kumweleza habari za mafuta kidogo na bukari kidogo. Jumamosi kabla ya mapambazuko aliwasha gari, akampitia Nshombo Gahanna, na saa saba mchana walikuwa mlangoni kwa Paluku.

Gloire na Aksanti walikuwa kazini, na Paluku alifungua mlango kwa furaha. Alidhani wamekuja kufidia jubilei. Nshombo alikuwa amebeba sufuria kubwa ya sombe, yaani kisamvu, iliyofungwa kwa kitambaa na mfuko wa unga. Nzigire alikuwa na sanduku la nguo. Paluku akalipokea kwa adabu ya mwenyeji, akashangaa jinsi lilivyokuwa jepesi. Lilikuwa tupu.

Rakeli alielewa kabla yake. Alileta maji, wageni wakasema asante, hawakuyagusa. Akaleta chai, wakasema asante. Akaleta kuku, na Nshombo akasogeza sahani katikati ya meza kwa vidole viwili. Mkwe akikataa hata maji nyumbani kwako, jambo limeshaharibika, na Paluku, ambaye hadi wakati huo alikuwa akivuta pumzi ndani ili afanane na picha yake, akaiachia pumzi yote.

“Papa Gloire, Mama Gloire,” akaanza Nshombo. “Tuliwaletea mutoto hapa. Alikuwa na mashavu. Bote muliona, hata kwenye harusi muliimba juu ya ile mashavu. Sasa tumekuja kuuliza kitu moja tu. Mashavu iko wapi?”

Nzigire akafungua mkoba, akatoa picha. Alikuwa ameichapisha dukani, kwenye karatasi nzuri, akailaza juu ya meza. “Kama chakula inapita bei yenu,” akasema, “mungetuambia. Mimi nitamurudisha kwangu. Sanduku ni hili.”

Rakeli alianza kulia. Mwanamke huyu huamka saa kumi alfajiri kumpikia mkwewe kabla ya kwenda kazini, na sasa alikuwa akiulizwa mashavu mbele ya kuku wake mwenyewe. Paluku akaichukua ile picha. Anakiri kwamba hata wakati ule, nyumba ikiwa inaungua, kitu cha kwanza alichokitafuta kilikuwa sura yake. Akajiona, mwembamba, pembeni. Kisha akainamisha macho, akaona tumbo lake halisi limekaa juu ya mapaja, kifungo cha shati kimekaza. Akatazama picha tena. Ile saa ya yai. Aliitundika ukutani ile saa kwa mikono yake mwenyewe, na alipoitundika ilikuwa duara. Akakumbuka mnyororo.

Njia ya kutokea ilikuwepo. Mutuku! Mkenya, mgeni kwa wote waliokaa pale, na zaidi yuko mbali. Angeweza kumbebesha mzigo wote na asijue hadi Pasaka. Paluku alifungua kinywa, neno “ile tovuti” likamfika kwenye ulimi. Halafu akamwona Rakeli akijifuta kwa ncha ya kitenge, na mkono wa Nzigire juu ya mshikio wa sanduku, na aibu ikampanda hadi masikioni.

“Ni mimi,” akasema. “Haiko njaa. Ni mimi niliharibu picha.”

Akaleta kompyuta, akaiweka kati ya kuku na chai. Akawaeleza yote: ujumbe wa Mutuku, visanduku, nusu saa ya kuvutana, mnyororo alioukata. Akaeleza na tumbo, maana bila tumbo isingeeleweka kwa nini hakugundua. Akafungua picha ya asili, na mbele ya macho yao watu wote wakarudi kwenye miili yao. Saa ikawa duara. Keki ikakaa chini. Gloire akapata mabega, Aksanti akapata mashavu, na pembeni kabisa Paluku akarudishiwa alichokuwa ameporwa, chote.

Nshombo akatazama skrini, akamtazama mwenye nyumba, akatazama skrini. “Kwa hiyo uliponiambia munapunguza…”

“Nilikuwa najisifu.”

Kicheko kilichomtoka Nshombo kiliwafanya majirani wagonge ukuta. Alipiga magoti yake, akamwomba Paluku aeleze tena ile sehemu ya kutembea, akacheka upya. Rakeli naye akacheka katikati ya machozi. Na mlango ukafunguliwa, akaingia Aksanti mwenyewe kutoka zamu, na sare yake ya bluu, akashangaa kukuta watu wake wa Columbus na Buffalo wamekaa sebuleni. Nzigire aliruka. Alimshika mikono, akambinya mabega, akampapasa mashavu kwa viganja vyote viwili.

“Unakula?”

“Mama mudogo, ninakula hadi uniforme inanibana. Kuna nini?”

Sahani zikarudi karibu na watu. Maji yakanywewa, chai ikapashwa moto, sombe ikafunguliwa. Mtu angedhani jambo limekwisha. Lakini Paluku, ambaye kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alikuwa akiangalia kitu kingine zaidi ya nafsi yake, aliona kwamba Nzigire hali chakula. Alikuwa amelaza ile picha mbovu pajani na kuitazama.

“Nipe hiyo niichane, mama,” akamwambia. “Imetutia haya ya kutosha. Na kule ku tovuti nitaifuta leo leo.”

“Hapana,” akasema Nzigire, akaifunika kwa mkono. “Pale kazini, ilipofunguka ku simu, sikumuona Aksanti. Nilimuona dada yangu. Hii ni Nabintu. Hii shingo, hii pua. Njo alikuwa hivi, hata mbele ya ugonjwa kumushika, hata tukiwa kwetu na chakula. Yeye alikuwa mwembamba tu.”

Nabintu ndiye mama yake Aksanti. Alifia kambini, Uganda, mtoto akiwa na miaka mitatu. Nyumba yao ya Kivu iliungua na kila kilichokuwemo, na kadi ya chakula waliyopewa kambini haikuwa na picha. Hakuna popote duniani palipobaki sura yake.

“Miaka makumi mbili natafuta ile uso,” Nzigire akasema. “Nilikuwa nimeanza kusahau pua. Ningewezaje kuendesha gari masaa munane kwa ajili ya mashavu? Nilikuja kwa sababu niliogopa. Nilisema, na huyu pia anakwenda.”

Aksanti aliichukua picha kutoka pajani mwa mama yake mdogo. Tangu utoto alikuwa akiuliza mama alifanana na nani, na siku zote walimjibu, wewe. Alipokwenda kwenye kioo hakuona mtu isipokuwa yeye mwenyewe na mashavu yake. Akatazama muda mrefu. Kisha akamgeukia baba mkwe.

“Papa, unaweza kuitoa ikuwe kubwa? Uso tu?”

Alhamisi angejibu ndiyo kabla swali halijaisha. “Sijui,” akasema Paluku. Rakeli aliacha kutafuna. Katika miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwa mumewe kuhusu picha.

Akampigia Mutuku palepale, simu imewekwa sauti ya juu ili wote wasikie anavyofundishwa. Alianza kwa kumwomba radhi kwa lile neno la baba yake. Akamweleza anachotaka.

“Hiyo ni simple, mzee,” akasema Mutuku. “Usitumie ile ndogo, itatoka na ukungu. Anza na original. Lakini kwanza hakikisha hiyo chain imefungwa, ndiyo watu wasi—”

“Hapana, mwanangu. Zile zingine nitazifunga zote. Hii moja, uniachie mnyororo wazi.”

Mutuku hakuuliza kwa nini. Akamwongoza kisanduku kwa kisanduku, na Paluku akafuata kila neno, kidole kimoja kikisoma na kingine kikibofya: elfu nne kwa elfu nne, ili sura ibanwe vilevile lakini isififie. Ikabaki kukata. Ili abaki msichana peke yake, ilibidi kwanza amwondoe yule bwana mwembamba wa pembeni mwenye koti zuri, na Paluku akaburuta mstari, akamtupa nje ya picha bila hata kumuaga.

Jioni Rakeli akalijaza lile sanduku la Buffalo unga, maharage na kuku aliyebaki. Juu kabisa, kati ya vitenge viwili, Nzigire akalaza picha ya uso iliyotoka kuchapwa dukani, ikiwa bado na harufu ya wino. Nakala ya pili ilibaki Louisville. Aksanti aliisimamisha kwenye rafu ya jikoni, akairekebisha ikae wima, akarudi nyuma hatua mbili na kusema kwa sauti ndogo, “Jambo, mama.”